Shupaza za Mjomba

Reli ya Kati ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910. Mjomba wangu, mtu wa reli, ndiye aliyenifundisha mchezo wa karata wa wahedi wasitini: pointi 120, atakayefikisha 61 kashinda. Ree 11, saba 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Sueca, mchezo wa karata wa Wareno, ina hesabu hiyohiyo, nami naiona pwani ya zamani humo.

Baadaye nikajifunza briji, ambayo Harold Vanderbilt aliipa kanuni mpya mwaka 1925. Mpinzani akifungua mnada kwa shupaza, nawe unazo tano nzito, pita kimya. Ukizitaja, mwenzako ataelewa jambo jingine kabisa. Waache wapande dau, kisha uwavunje. Mjomba, Mgogo mwenye subira, angeupenda mno ukimya huo.