Majina ya Ndege wa Parramatta
Ziwa Parramatta, karibu na Sydney, si la kale: lilizaliwa na ukuta wa mawe uliokamilika mwaka 1856. Lakini ndege wa mji huo walikuwa wametazamwa na kuandikwa kabla yake. Mwaka 1800 alifika George Caley, aliyetumwa na Joseph Banks kukusanya mimea. Kiongozi wake msituni alikuwa Moowattin, kijana mwenyeji. Caley alikusanya pia ndege, akaandika majina waliyoitwa na wenyeji. Moowattin alinyongwa kwa hukumu ya mahakama ya koloni mwaka 1816. Vigors na Horsfield walipowachapisha ndege hao London mwaka 1827, waliwaita kwa Kilatini. Ila walinukuu maelezo ya Caley, na humo lugha ya wenyeji imesalia. Mtazamaji wa leo ziwani hushika darubini na Kilatini; majina ya kwanza hana budi kuyatafuta.