Kamba Iliyodhaniwa Nyoka: Maya na Umoja wa Vyote katika Falsafa ya Kihindi

Kiswahili kina maneno matatu ambayo mtu asiyeyachunguza huweza kuyachukua kuwa mamoja: ndoto, ambayo humjia mtu akiwa amelala, mangazimbwe, yaani yale maji ya uongo yanayometameta juu ya mchanga wakati wa jua kali, na kiinimacho, ambacho ni kazi ya fundi wa mazingaombwe anayewafanya watazamaji waone kisichokuwepo mkononi mwake. Falsafa ya Kihindi imetumia mifano yote mitatu kulieleza neno moja la Kisanskriti, maya, na kwa kuwa nje ya India neno hilo mara nyingi limepokelewa kwa maana ya ndoto tu, imeenea dhana kwamba Wahindu wanaofundisha umoja wa vyote husema ulimwengu haupo. Hawakufundisha hivyo, na sehemu kubwa ya historia ya fundisho lao ni mabishano juu ya jambo gumu zaidi, yaani ulimwengu unaoonekana upo kwa kadiri gani.

Katika Rig Veda, mkusanyiko wa nyimbo kongwe za ibada, maya ni uwezo wa miungu, na pengine wa maadui wao, wa kujitokeza kwa maumbo ya ajabu, wala hakuna madai kwamba maumbo hayo ni uongo. Upanishadi, mafundisho yanayofunga maandiko matakatifu ya Veda, ambayo makongwe yake huwekwa karibu na karne ya 7 na ya 6 KK, nayo yanasisitiza umoja kuliko udanganyifu. Katika Upanishadi ya Chandogya, mzee Uddalaka anamwamuru mwanawe Shvetaketu atie chumvi majini usiku na kuitafuta asubuhi. Kijana haioni tena, lakini akiyaonja maji juu, katikati na chini, kote anaikuta. Ndivyo uhalisi mmoja, uitwao Brahman, ulivyoenea katika kila kilichopo, nao hautofautiani na atman, yaani nafsi ya ndani ya mtu. Inafaa kukumbuka kwamba katika mfano huo maji ni maji kweli.

Aliyeufikisha umoja huo kwenye swali la udanganyifu ni mwanafalsafa Gaudapada, ambaye, kwa kuazima hoja za Wabudha, aliulinganisha ulimwengu na kijinga cha moto kinachozungushwa gizani: jicho huona duara, ilhali kilichopo ni ncha moja inayowaka. Mapokeo yanamtaja Shankara, mzaliwa wa Kaladi katika Kerala ya leo, kuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wake. Tarehe za kimapokeo za Shankara ni 788 hadi 820, ingawa watafiti wengi humrudisha hadi nusu ya kwanza ya karne ya 8. Mfano mashuhuri wa madhehebu yake, Advaita, yaani “kutokuwa wawili”, ni wa mtu anayeona kamba wakati wa magharibi akaruka kwa kudhani ni nyoka. Nyoka huyo si wa kweli, kwa kuwa taa ikiletwa hutoweka. Lakini pia hawezi kuwekwa kundi moja na mtoto wa mwanamke tasa, ambaye kwa wanafalsafa wa Kihindi ni mfano wa kisichoweza kuwepo kabisa, kwa kuwa nyoka ameonekana na moyo umedunda, na tena pasipo kamba asingeonekana. Kwa hiyo Advaita ilitambua ngazi tatu za kuwepo: ya juu, ambayo ni ya Brahman peke yake, ya kati, ambamo watu hununua, huzaa, huabudu na huhukumiana, na ya chini, ya ndoto na ya yule nyoka. Ulimwengu uko katika ngazi ya kati, na Shankara mwenyewe aliandika kwa kirefu kuwapinga Wabudha waliodai kwamba vitu vya nje ni mawazo matupu.

Msomaji wa pwani huenda akakumbuka Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambayo nayo inaufananisha ulimwengu na mangazimbwe, lakini kufanana huko kusimpoteze, kwa sababu utenzi huo unaomboleza dunia isiyodumu wala hauhoji kama ilikuwepo. Majumba ya Pate, mji ambao utenzi huo unauomboleza, yalikuwepo. Ndiyo maana magofu yake yanatisha.

Ufafanuzi wa Shankara haukuwaridhisha wote. Bhaskara, aliyekuja muda si mrefu baada yake, aliyaona mafundisho ya maya kuwa Ubudha uliovishwa nguo za Veda. Pigo zito zaidi lilitoka kwa Ramanuja wa hekalu la Srirangam katika nchi ya Watamil, ambaye mapokeo humpa miaka 1017 hadi 1137, na swali lake ni jepesi kuliuliza kuliko kulijibu: ikiwa Brahman peke yake ndiye aliyepo, na wingi wa vitu huonekana kwa sababu ya avidya, yaani kutojua, ni nani basi asiyejua? Hawezi kuwa Brahman, ambaye ni ujuzi mtupu. Wala haiwezi kuwa nafsi ya mtu, kwa kuwa kutengana kwa nafsi hiyo na Brahman kunadaiwa kuzaliwa na kutojua kuko huko. Wafuasi wa Shankara walikuwa tayari wamegawanyika juu ya jambo hili, wengine wakiiweka avidya katika nafsi, wengine katika Brahman, kwa hiyo Ramanuja alipiga palipokuwa na ufa. Yeye aliushika umoja bila kuuita ulimwengu udanganyifu, akafundisha kwamba nafsi zote na vitu vyote ni mwili wa Mungu mmoja. Madhva wa Udupi, katika karne ya 13, aliukataa hata umoja wenyewe.

Waislamu wa India waliyakuta mabishano haya wakiwa na yao, juu ya wahdat al-wujud, yaani umoja wa kuwepo, fundisho linalonasibishwa na Ibn Arabi (1165–1240) ingawa jina hilo lilienezwa na waliomfuata. Mwanamfalme Dara Shikoh aliyaona mafundisho ya Masufi na ya Upanishadi kuwa bahari mbili zinazokutana, na mwaka 1657 akakamilisha, kwa msaada wa wanazuoni wa Kihindu, tafsiri ya Kiajemi ya Upanishadi 50; miaka miwili baadaye aliuawa kwa amri ya ndugu yake Aurangzeb, aliyekwisha kutwaa ufalme. Ni Kiajemi hicho, wala si Kisanskriti, ambacho Mfaransa Anquetil-Duperron alikigeuza Kilatini na kukichapisha mwaka 1801 na 1802, na kupitia Kilatini hicho Upanishadi zikamfikia mwanafalsafa Mjerumani Schopenhauer, ambaye katika maandishi yake maya ni pazia linaloufunika uhalisi. Swami Vivekananda, aliyepata sifa kwa hotuba zake kwenye mkutano wa dini mjini Chicago mnamo Septemba 1893, alipofundisha London mwaka 1896 alilazimika kwanza kuwaeleza wasikilizaji kwamba neno lao la udanganyifu halilifasiri vyema neno maya, na kwamba alichokuwa akikitaja si nadharia bali hali ya watu ilivyo, wanaojua kwamba kila kitu kinaelekea mautini na bado wanayang’ang’ania maisha.