Mkono wa Kushoto Uliosahauliwa

Wengi wetu hudhani kuwa kipanya cha kompyuta kilizaliwa kipweke, ilhali Douglas Engelbart, aliyekibuni huko Menlo Park, Marekani, na ambaye mwenziwe Bill English alimwundia kile cha kwanza cha mbao mwaka 1964, hakukusudia asilani mkono wa kulia ufanye kazi peke yake. Tarehe 9 Desemba 1968, alipowadhihirishia wataalamu waliokusanyika San Francisco uwezo wa mtambo wake, mkono wa kulia ulishika kipanya, na wa kushoto ukatua juu ya kijibao cha vitufe vitano, ambavyo kwa kubonyezwa kimoja kimoja au kwa pamoja vilitoa ishara 31. Akawa kama nahodha wa ngalawa, mkono mmoja usukani, mwingine demani.

Kijibao hicho kilitaka mazoezi mengi, na wafanyabiashara hawakukitaka. Kipanya kikaendelea na safari yake, kikapita kwa Xerox, ambako katika mashine ya Alto ya mwaka 1973 madirisha yalianza kupandana, hata kikafika kwa Apple, iliyotoa Macintosh mwaka 1984 ikiwa na kipanya cha kitufe kimoja na kibodi isiyo na kitufe cha mshale hata kimoja, makusudi, ili mtumiaji asipate pa kukimbilia. Wapo wanaousifu ukali huo hadi leo. Mimi naona ulipita kiasi.

IBM nao, wakijua kuwa wateja wao wengi hawana kipanya, walitunga mwaka 1987 kanuni zilizoitwa CUA, zenye muradi kwamba kila litendwalo kwa kipanya litendeke kwa kibodi pia. Kutoka huko tumerithi Alt na F4 ya kufungia dirisha. Kanuni hizo zilikuwa za insafu, walakini zilimfanya kibodi kuwa naibu wa kipanya, anayeitwa mkubwa asipokuwapo, wala si mshirika wake.

Ushirika ulirudi kwa njia ya X, mfumo wa madirisha ulioanza katika chuo cha MIT mwaka 1984, ambao watungaji wake walikataa kuamuru madirisha yaendeshwe vipi, wakaiachia kazi hiyo programu nyingine, meneja wa madirisha. Katika meneja mmoja wa aina hiyo, twm, aliyoiandika Tom LaStrange mwaka 1987, kila mtu aliweza kuandika katika faili lake kitufe gani cha kibodi kikishikwa pamoja na kitufe gani cha kipanya kifanye nini. Ndivyo ilivyoenea desturi ya kushika Alt kwa kushoto na kuliburuta dirisha kwa kulia. Faida yake ni dhahiri kwa aijuaye kanuni ya Paul Fitts ya mwaka 1954, kwamba muda wa kuifikia shabaha hufuata umbali na ukubwa wake: upau wa juu ni mwembamba, bali Alt ikishikwa, dirisha zima huwa shabaha.

Tatizo ni kwamba programu za uchoraji zinaitaka Alt hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo GNOME, mojawapo ya mifumo ya eneo-kazi la kompyuta, ikahamia kitufe cha Super, ambacho aghalabu huwa na nembo ya Windows, kwani Microsoft ndiyo iliyokieneza katika kibodi kuanzia mwaka 1994. Msomaji anayetumia GNOME na akishike kwa kushoto, alikamate dirisha popote kwa kipanya, aliburute. Hana haja ya kusakinisha kitu.