Meli zilikamatwa Lisbon, vita vikatua Ruvuma

Tarehe 23 Februari 2026 ilitimia miaka 110 tangu Ureno ishushe bendera za Ujerumani kwenye meli za biashara zilizotia nanga Mto Tejo, mjini Lisbon. Sidhani kama kuna aliyeikumbuka siku hiyo hapa Mtwara. Muulize kijana wa Rahaleo au Shangani habari za Vita vya Kwanza vya Dunia: atakutajia Tanga, atakutajia manowari Königsberg kule Rufiji, basi. Lakini tukio lile la Lisbon ndilo lililoufanya Mto Ruvuma uwanja wa vita, na mojawapo ya meli zilizotwaliwa haikuwa Ulaya. Ilikuwa upande wetu huu wa bahari, katika Kisiwa cha Msumbiji.

Meli hiyo iliitwa Zieten, mali ya kampuni ya Norddeutscher Lloyd ya Bremen, chombo cha tani zaidi ya 8,000. Agosti 1914 vita vilipoanza ilikuwa njiani baharini. Siku hizohizo Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliikamata meli ya Waingereza City of Winchester karibu na pwani ya Oman ikiwa na shehena ya chai. Ilikuwa meli ya kwanza ya biashara ya Uingereza kukamatwa katika vita hivyo. Looff akaizamisha, na mabaharia wa meli hiyo wakapakiwa kwenye Zieten. Nahodha wa Zieten hakuthubutu kuendelea na safari huku Waingereza wakimvizia. Akaingia bandari ya Mreno, akawashusha mateka wake, akatia nanga.

Kwa desturi ya bahari alikuwa salama. Meli ya biashara iliyojificha katika bandari ya nchi isiyopigana haiguswi. Kasoro ni kwamba Ureno haikuwahi kutamka wazi kwamba haiegemei upande wowote. Ilisema tu kwamba inauheshimu urafiki wake wa kale na Uingereza, ikanyamaza. Zieten ikakaa pale mwaka mmoja na nusu.

Ushahidi mzito wa upande uliopokonywa ni tangazo la vita ambalo balozi Friedrich Rosen aliliwasilisha kwa serikali ya Ureno tarehe 9 Machi 1916. Ni barua ya mtu aliyeweka kinyongo siku nyingi. Ureno, inasema, iliwaruhusu Waingereza kupitisha askari Msumbiji. Ilizinyima meli za Kijerumani makaa ya mawe huku manowari za Uingereza zikikaa bandarini kupita kiasi. Iliuza silaha kwa upande mmoja. Kisha, bila mazungumzo yoyote, ikatwaa meli. Barua inamalizia kwa kuiita Ureno kibaraka wa Uingereza.

Wareno nao walikuwa na maneno yao. Meli zao zilikuwa haba, mizigo haiendi, na mkataba wa biashara kati yao na Ujerumani, walidai, uliwaruhusu kuchukua vyombo kwa kulipa fidia. Wajerumani wakajibu kwamba fidia hupatanwa kwanza, ndipo mali ichukuliwe. Hapo, kwa maoni yangu, Mjerumani alikuwa na hoja. Nahodha Leote do Rego aliyeongoza kazi ile Lisbon hakwenda na karani wa hesabu. Alikwenda na askari, na bendera ya Ureno ilipopanda mizinga ikapigwa kwa shangwe. Isitoshe, ombi la kutwaa meli hizo, zaidi ya 70 katika bandari zote za Ureno na makoloni yake, lilitoka London, na sehemu kubwa ya meli hizo ikakabidhiwa Waingereza baadaye.

Ila tusimlilie sana Mjerumani. Tarehe 24 Agosti 1914, kabla meli yoyote haijaguswa, askari wake walivuka Ruvuma, wakakivamia kituo cha Wareno cha Maziúa, wakamuua mkuu wake pamoja na askari Waafrika, wakakitia moto. Heshima ya mipaka haikuwa na mwenyewe.

Zieten ilipotwaliwa ikapewa jina jipya: Tungue. Wa pwani hii analijua jina hilo, ndiyo ile ghuba ya Palma, kusini ya Ruvuma. Ghuba hiyo ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi Februari 1887, Wareno walipoipiga mizinga na kumnyang'anya Sayyid Barghash meli yake, Kilwa. Meli iliyotwaliwa ikapewa jina la mahali palipotwaliwa.

Malipo ya ugomvi wa Lisbon yalianza kuonekana mtoni. Tarehe 10 Aprili 1916 Wareno waliichukua Kionga, pembe ya ardhi kusini ya mdomo wa Ruvuma ambayo Wajerumani waliinyakua mwaka 1894. Mwezi Mei walijaribu kuvuka kwa boti wakisaidiwa na manowari Adamastor. Bunduki za rasharasha kutoka ng'ambo yetu zikawarudisha. Septemba wakavuka, wakapanda hadi Newala. Na aliyekuja kuwazingira Newala ni nani? Max Looff, yuleyule wa City of Winchester, sasa nahodha asiye na meli. Mwishoni mwa Novemba Wareno walitoroka usiku, wakaacha mizinga yao nyuma. Mzigo wa pande zote ulibebwa na wapagazi, na majina yao hayamo katika barua ya Rosen wala katika kumbukumbu alizoandika Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Ujerumani Afrika Mashariki.

Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma huko Negomano na kuwashinda Wareno. Mwezi huohuo nyambizi ya Kijerumani iliizamisha Tungue katika Bahari ya Mediterania. Mwaka 1919 Kionga ikapewa Ureno moja kwa moja, na leo imo katika wilaya ya Palma, Msumbiji.

Yaliyofuata tunayajua: Mwingereza, uhuru, vita vya ukombozi wa Msumbiji, na Daraja la Umoja pale Mtambaswala mwaka 2010. Boma la Mikindani, lililojengwa 1895, limekarabatiwa na kuwa hoteli, na ni jambo jema. Lakini wageni wanaolala humo wanahitaji kuelezwa zaidi ya mwaka wa ujenzi. Manispaa ya Mtwara-Mikindani na Makumbusho ya Taifa hawahitaji mnara. Kibao cha Kiswahili Mikindani, kingine Newala na cha tatu Kilambo, vikitaja wapagazi pamoja na wakubwa, vingetosha kuanzia.