Universite pasipo sauti ya waalimu

Wandugu, sisi tunaopita Nyalukemba, mbele ya koleji ya Alfajiri, tukumbuke mambo yaliyopata masomo ya inchi yetu.

Kabla ya 1971 universite zilikuwa tatu: Lovanium ya Wakatoliki huko Kinshasa, ya Serkali huko Lubumbashi, na ya Waprotestanti huko Kisangani. Waalimu Wakongomani walinung'unika, maana mamlaka mengi yalikuwa bado mikononi mwa Wazungu. Manung'uniko yao yalikuwa ya haki. Kwa hiyo wengine walifurahi wakati Serkali ya Mobutu, katika mwezi wa Agosti 1971, ilipounganisha zote tatu kuwa moja, UNAZA. Hata ISP ya hapa Bukavu iliingizwa.

Lakini kulitokea nini? Rekta akawa mmoja, Askofu Tharcisse Tshibangu, katika Kinshasa. Masomo ya lugha na historia yakapelekwa Lubumbashi, ya malezi Kisangani, na waalimu wakafunga mizigo. Chama cha MPR kikakaa juu ya wote. Waliotaka kupokea uongozi wakaona umekwenda mbali zaidi. Katika 1974 teolojia ikaondolewa. Mwisho wa mwaka ule Serkali ikatwaa mashule ya Kanisa, na Alfajiri pia.

Uongozi wa mashule ulirudishwa katika 1977, na UNAZA ikavunjwa katika 1981. Tujifunze basi: kumwondoa bwana mmoja si kupata uhuru bado. Mwalimu asiyeulizwa neno hufundisha kwa mdomo tu, na mwanafunzi ndiye anayepata hasara.