Samaki wa Grogan, Nzi wa Mama

Ukimwambia mtu wa Nairobi unaenda Grogan, atakuuliza gari yako ina shida gani. Ni pale Kirinyaga Road, kwenye spea na grisi. Enzi za mkoloni iliitwa Grogan Road. Jina lilibadilishwa, midomo yetu ikakataa. Nilipita pale miaka mingi bila kujua kwamba karo yangu ya shule ilianza na huyo mzungu.

Mama yangu alikuwa akifunga nzi. Si nzi wa kweli: ni ndoano ndogo inayozungushiwa uzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu. Mvuvi huirusha juu ya maji, na samaki anayeitwa trauti huidaka akidhani ni chakula. Kwa miongo mingi Kenya imewauzia wavuvi wa Ulaya na Marekani nzi hawa. Mathe alilipwa kwa dazani, kwenye karakana moja hapa Nairobi. Nzi aliyelegea alirudishwa bila malipo. Miaka kumi na tisa, na hakuwahi kumwona hata mmoja akiguswa na maji.

Ewart Grogan alikuwa Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliyoimaliza 1900. Mwaka 1905 aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, yawekwe kwenye mto Gura, milima ya Nyandarua. Hebu fikiria kazi hiyo. Trauti ni samaki wa baridi. Maji yakipata joto, hewa iliyomo hupungua na samaki hufa. Huko kwao hutaga msimu wa baridi unapokaribia, na mayai hukaa chini ya changarawe hadi baridi ipungue. Sasa mayai hayo yalipaswa kubaki baridi melini hadi Mombasa, yapande reli, kisha watu wayabebe hadi mlimani.

Baridi ya Ulaya huja na mwezi. Yetu huja na urefu: panda zaidi ya mita 2,000 na mto unakuwa baridi mwaka mzima. Walowezi walitafuta pale Kenya ilipofanana na kwao, wakapatia samaki wao makao.

Wakikuyu wa pale kwa mila hawakula samaki. Kwa hivyo waliobeba mzigo ule walibeba chakula ambacho wenyewe wasingekigusa. Majina yao hatuyajui. La Grogan tunalijua, na si kwa samaki tu. Machi 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu waliokuwa wakivuta riksho. Alifungwa kwa muda mfupi, akatoka, akaendelea kutajirika.

Samaki nao wakashika. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilijenga kituo cha kuangulia vifaranga vya trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Kuvua kukawa mchezo wa wenye leseni. Kisha 1953, wakati wa Hali ya Hatari, msitu wa Nyandarua ukapigwa marufuku, na Mwafrika aliyeonekana ndani angeweza kupigwa risasi. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa humo, wakinywa maji ya mito ileile.

Hayo yote nilimsomea mathe kwenye matatu ya Nyeri, Julai iliyopita. Alisikiliza, akasema tu, "Na huyo mtu bado tunamtaja tukitafuta side mirror."

Tulifika Gura asubuhi ya ukungu, ile baridi ya kukufanya utoe moshi ukiongea. Kijana anayeongoza wavuvi alitungoja na leseni yake. Alifungua kisanduku cha nzi. Mathe hata hakuangalia mto. Alimchukua mmoja, akamgeuza kwenye mwanga, akamkwaruza kichwani kwa ukucha.

"Huyu ni wetu."

"Unajuaje, Mami?" kijana akauliza.

"Kichwa. Msimamizi wetu alitaka kichwa kidogo hivi. Kikinenepa, unarudishiwa."

Kijana akacheka. Kisanduku chote alikuwa ameachiwa na mgeni kutoka Uingereza, aliyewanunua huko kwao. Nzi ametoka Nairobi, amepanda ndege hadi kule samaki alikotoka, akarudi Gura kumtafuta.

Nzi hana uzito, kwa hivyo kinachorushwa hasa ni mshipi, ambao ni mzito, naye anaufuata. Kijana alirusha mara mbili, kimya. Ya tatu, maji yakapasuka.

Alikuwa mdogo, hajazidi urefu wa kiganja, mwenye madoa meusi na mekundu. Kijana alimwambia mathe aloweshe mikono kwanza, mikono mikavu humuumiza samaki. Akachutama kwenye jiwe, akamshika, akaitoa ndoano mwenyewe, polepole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Samaki akaenda zake.

Nilidhani atasema kitu kuhusu samaki. Lakini alikuwa amemshikilia nzi, maji yakimdondoka, akimvuta uzi.

"Hajalegea," akasema.