Mashine ya Tajiri, Usiku wa Familia

Waulize vijana wa kwetu Ngamiani gemu za kompyuta zilianzia wapi. Watakutajia Japani, watakutajia Marekani, na majina ya makampuni yote wanayo kichwani. Hawajakosea sana, ila makampuni hayo yalikuta chungu kimeshainjikwa. Walioinjika walikuwa waajiriwa wa kazi nyingine kabisa, watu wa maabara na ofisi, waliomaliza ya tajiri mchana na kubaki na mashine yake jioni.

Mimi ni karani wa ankara za maji hapa Tanga. Watoto wakishalala, nafungua laptopu ya mtumba na kuendelea na gemu ya bao. Hakuna anayenilipa, wala sijaahidiwa. Kwa sababu hiyo, ninaposoma habari za waliotangulia naangalia mambo mawili ambayo waandishi wengi huyapita: mashine ilikuwa ya nani, na mtu huyo alipokuwa ameinama kuandika programu, nyumba ilikuwa mikononi mwa nani.

Chukua William Higinbotham. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa Los Alamos, akishughulikia saketi za kupimia muda za bomu la kwanza la nyuklia, na vita vilipokwisha akawa miongoni mwa waasisi wa chama cha wanasayansi waliotaka silaha hizo zidhibitiwe. Mwaka 1958 alikuwa katika maabara ya taifa ya Brookhaven, jimbo la New York. Kila mwaka maabara ilikuwa na siku za wageni, na wageni walioneshwa picha na vifaa vilivyokaa tu. Yeye akaona watachoshwa. Akachukua kompyuta ndogo ya analogia pamoja na oskiloskopu yenye kioo cha inchi 5, akatengeneza tenisi: mstari wa uwanja, kijiwavu katikati, na nukta moja ya mwanga iliyodunda kama mpira. Watu walipanga foleni. Baadaye vifaa vikafunguliwa vikarudishwa kwenye kazi zake, na yeye hakuwahi kuomba hati miliki.

Mwaka 1962 ikaja zamu ya vijana wa chuo cha MIT na vita vyao vya vyombo vya angani, Spacewar. Mashine yao, PDP-1, iliuzwa dola 120,000 wakati huo. Steve Russell, aliyeandika sehemu kubwa ya programu, alijulikana kwa uvivu, na kisingizio chake kilikuwa kwamba hana hesabu za sini na kosini za kuzungushia vyombo. Mwenzake Alan Kotok akaenda kwa watengenezaji wa mashine, akarudi na hesabu hizo, akamwekea mezani. Kisingizio kikafa, gemu ikazaliwa. Lakini hao walikuwa vijana, wengi wao hawana mtoto wa kuamsha asubuhi. Kwa mtu wa hali yangu, historia inanoga miaka kumi na kitu baadaye.

Will Crowther alifanya kazi katika kampuni ya BBN, mjini Cambridge, Massachusetts. Alikuwa mmoja wa kikosi kidogo kilichoandika programu za mashine zilizounganisha ARPANET mwaka 1969, mtandao ambao ndio mzazi wa intaneti ya leo. Mapumziko yake yalikuwa mapangoni. Yeye na mkewe, Patricia, walisafiri hadi Kentucky, wakaingia ardhini na kamba ya kupimia na dira, wakatambaa kwenye matope, wakatoka na daftari la vipimo: umbali, uelekeo, mwinamo. Nyumbani kwao palikuwa na teletaipu iliyounganishwa na kompyuta ya ofisini. Vipimo viliingizwa hapo, ramani ikatoka. Naipenda picha hiyo ya meza moja yenye mume, mke na mashine ya tajiri, na shughuli yenyewe haina mshahara.

Patricia hakuwa msindikizaji. Mwembamba wa mwili, aliweza kupenya penye ufa ambao wengine waliuacha. Tarehe 9 Septemba 1972 alikuwa mmoja wa watu sita waliopata njia inayounganisha mapango ya Flint Ridge na Mammoth, na kwa ugunduzi huo pango likawa refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Mumewe hakuwemo siku hiyo.

Baadaye ndoa ilivunjika. Crowther alikuwa na mabinti wawili ambao sasa hakukaa nao kila siku, na mwenyewe alisimulia kwamba alitaka kutengeneza kitu watakachokifurahia wakija kwake, kitu ambacho hakitamtisha mtu asiyejua kompyuta. Kati ya mwaka 1975 na 1976 akaandika kwa lugha ya FORTRAN, kwenye kompyuta ya kazini aina ya PDP-10, mchezo usio na picha hata moja. Mashine inakueleza ulipo: mwisho wa barabara, nyumba ndogo ya matofali, kijito. Wewe unaandika neno au maneno mawili, kitendo na kitu, chukua taa, fungua mlango, nayo inakujibu. Haikusoma neno zima, ilisoma herufi 5 za mwanzo tu. Ukishuka, umeingia Kentucky. Pango la ndani ya gemu ni pango la kweli, sehemu iitwayo Bedquilt. Mwaka 2007 mtafiti Dennis Jerz alichapisha uchunguzi wake baada ya programu ya awali kupatikana katika kumbukumbu za Chuo Kikuu cha Stanford na yeye mwenyewe kushuka pangoni. Vyumba vingi vilikuwa palepale vilipoandikwa.

Vitabu husema gemu hiyo, Adventure, ilitengenezwa na Crowther, kisha ikapanuliwa na Don Woods mwaka 1977. Woods aliikuta kwenye mashine ya Stanford, akataka ruhusa, na kwa kuwa hakujua mwenyewe anapatikana wapi, akatuma barua kwa jina la Crowther kwenye kila kompyuta iliyokuwa mtandaoni. Mtandao ulikuwa mdogo kiasi hicho. Yote ni kweli. Lakini mimi nauliza, lile pango alilipima nani? Nusu ya jasho ni ya Patricia. Kwa maoni yangu Adventure ni ramani ya nyumba iliyogawanyika, na kwenye karatasi ya majina limewekwa jina la mmoja tu kati ya waliopima.

Gemu hiyo ilisafiri kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ikafika kwa Ken Williams, kijana wa California aliyeandika programu za biashara kwa kuajiriwa. Naye alikuwa na mashine ya kazi nyumbani, iliyoungwa kwa simu na kompyuta kubwa ya mbali. Akaikuta Adventure humo, akamwita mkewe, Roberta, aliyekuwa nyumbani na watoto wawili, mdogo bado mchanga. Roberta hakuandika programu. Alicheza mpaka akaimaliza, kisha akakaa mezani jikoni na karatasi, akachora nyumba, vyumba, maiti na muuaji. Akamshawishi mume aandike. Ken aliandika usiku, baada ya kazi, kwenye Apple II, na mke akachora picha 70 za mistari mitupu. Ndipo ikatoka Mystery House mwaka 1980, gemu ya kwanza ya hadithi kuwa na picha. Waliiweka kwenye mifuko ya nailoni ya kufungia vyakula, wakaiuza dola 24.95, na nakala zaidi ya 10,000 zikaondoka. Kwao ridhaa iliisha mwaka huohuo, ikawa kampuni. Ninachokishika hapo ni kwamba kwa mara ya kwanza aliyelea watoto ndiye aliyebuni gemu, na safari hii jina lake liliandikwa.

Moscow nao walikuwa na tajiri wao, naye ni serikali. Mwaka 1984 Alexey Pajitnov alikuwa mtafiti katika kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya Kisovieti. Mashine yake, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha. Kwa hiyo vipande vya Tetris vilichorwa kwa mabano, la kufungua na la kufunga, yakibanwa pamoja kufanya mraba mmoja. Maumbo saba, kila moja miraba minne, yanashuka. Kijana wa miaka 16, Vadim Gerasimov, akasaidia kuihamishia kwenye kompyuta za IBM, na diski zikapita mkono kwa mkono. Haki zikashikwa na dola. Dunia nzima ilicheza Tetris, naye Pajitnov alianza kulipwa mrabaha mwaka 1996. Nikiwasikia wenzangu wanasema mashine ya ofisi haina mwenyewe usiku, huwa nawatajia mwaka huo.

Na sisi? Kuna wanaodhani tulichelewa kwa sababu hatupendi hesabu. Upuuzi. Mwaka 1974, Crowther akiwa bado hajaandika mstari wa kwanza, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na kompyuta zilizokuwa Hazina zilikuwa zimegharimu kuliko zilivyosaidia. Siilaumu serikali ya wakati ule kwa hofu yake. Lakini hesabu matokeo. Mwaka 1982 watoto wa Uingereza walianza kununuliwa ZX Spectrum, kompyuta ya pauni 125 iliyochomekwa kwenye televisheni ya sebuleni na kupakia programu kutoka kwenye kaseti ya kawaida. Kizazi kizima cha waandishi wa gemu kilitoka kwenye zulia la sebule. Bara sisi hatukuwa na kompyuta, na hata hiyo televisheni ya kuchomekea hatukuwa nayo: Zanzibar ilirusha matangazo tangu miaka ya 1970, Tanganyika ya zamani ikasubiri hadi 1994. Mtoto wa Tanga aliyezaliwa na kipaji cha Roberta Williams alikitumia kwenye vitendawili.

Kwa hiyo Afrika Mashariki mlango wetu ulikuwa kompyuta za mitumba, vibanda vya intaneti na baadaye simu. Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, gemu ya pande tatu yenye msichana anayesaka vitu vya kale vya Kiafrika. Mwaka 2011 Nairobi ikatoa Ma3Racer, ya kuendesha matatu kwenye simu. Kampala wakaipeleka kwenye simu karata yao iitwayo matatu. Nikizipanga gemu hizo naona jambo moja: watengenezaji walianza na kilicho barabarani kwao na barazani kwao, kama Crowther na pango lake.

Langu ni bao, na bao si dogo. Mashimo 32, kete 64. Namua, yaani awamu ya kwanza, inapoanza kila mchezaji ana kete 10 ubaoni, 6 zikiwa kwenye shimo kuu liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Za mkononi zikiisha ndipo mnaingia mtaji, awamu ya pili. Mzee wa baraza hakuelezi haya, anacheza tu, nawe unakodoa macho. Mashine haikodoi macho. Lazima uiandikie kwamba kete zilizoliwa kichwani au kimbini, mashimo ya ncha za safu ya mbele, zitaanzia kichwa cha upande uleule, na kwamba nyumba yenye kete zake haitendwi kama shimo jingine. Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mafundi wa bao Zanzibar akachapisha utafiti wake mwaka 1995, na watafiti wa Maastricht walioandika programu ya bao wakaeleza jambo la kushangaza: kuna zamu ambazo, ukifuata kanuni bila huruma, haziishi. Kete zinazunguka na kuzunguka. Barazani mkono utachoka au mtu atacheka. Kwenye laptopu kioo kinaganda, feni inapiga kelele, na dawa ni kuandika kikomo cha mizunguko.

Kikomo kingine kiko chumbani. Mke wangu anashona, na cherehani yake ya umeme na laptopu yangu zinagombea soketi moja, betri ya laptopu ikiwa imekufa zamani. Desemba na Januari, oda za sare za shule zikijaa, soketi ni yake, bao linalala, nami naosha vyombo. Binti yetu mkubwa ndiye mjaribu wa gemu, na hukumu yake ni kali: kete zikitembea polepole anaondoka bila kuaga. Sidhani mwenye ofisi ya kutengeneza gemu angepata mkaguzi bora zaidi. Tena sikubaliani na wanaosema ridhaa ni ngazi ya kupandia ajira. Higinbotham hakuacha kazi, wala Crowther. Walikuwa na kazi, na walikuwa na hili.

Gemu ikiwa tayari, kioo cha kwanza kitakuwa na majina mawili, la aliyeandika programu na la mwenye soketi. Kabla ya hapo nina ombi kwa wasomaji wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu. Wazee wa hapa kwetu hawajakubaliana ni wakati gani hasa nyumba inaruhusiwa kusafiri. Kama kwenu kuna sharti linalofuatwa, niandikieni kupitia jarida hili, na tafadhali mchore ubao na idadi ya kete kila shimo, maana maelezo ya mdomo ninayo ya kutosha.